Ganzi haiumi, ndiyo maana haiulizwi

Majuzi nilikuwa Lunga Lunga nikingojea matatu ya kurudi Ukunda. Kando ya barabara, kabla hujafika penye foleni ya malori yanayovuka kwenda Horohoro, pana bibi mmoja anayeuza machungwa na mihogo ya kuchemsha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kijana niliyeandamana naye akafanya kosa la kumwambia kwamba mimi ni daktari.

"Daktari wa nini, mwanangu?"

"Wa lugha, bibi."

"A-a, basi hunifai," akasema huku akicheka. Hata hivyo alinisimulia maradhi yake yote, maana matatu ilikuwa haijajaa na mimi nilikuwa nimeshanunua machungwa sita.

Kiuno kinamsumbua tangu Ramadhani ya mwaka jana. Amekwenda kituo cha afya mara tatu. Kila mara tabibu, kijana mwenye adabu zake, humwuliza, "Nini kinakuuma, bibi?" Naye hujibu, "Kiuno, baba." Hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, kama miguu iko salama. "Miguu haiumi. Ni huu wa kulia tu, umekufa ganzi huku chini. Kandambili hunitoka njiani nisijue, mpaka watu waniite: bibi, kiatu chako kile nyuma!"

"Na tabibu ulimwambia hayo?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali la kitoto. "Yeye aliniuliza kinachoniuma. Kwani ganzi yauma?"

Makala ya juma hili yanahusu jibu hilo. Najua ninaingia shamba la wenyewe, na madaktari wa tiba wataniwia radhi nikikanyaga tuta. Lakini kabla daktari hajamgusa mgonjwa, huwa ameshamwuliza swali, na swali ni mali ya lugha.

Tuanze na sarufi, kwa sababu bibi yule alikuwa na sarufi upande wake. Kiswahili hakiyatungi maumivu kama kiyatungavyo Kiingereza. Mwingereza ana maumivu mgongoni kama vile mtu alivyo na shilingi mfukoni. Sisi husema "kiuno kinaniuma". Kiuno ndicho kiima, ndicho kitendacho; mimi nimejikunyata ndani ya kitenzi kama kiambishi -ni-, natendwa. Na kitenzi chenyewe ni kile kile cha mbwa na nyoka. Wadigo wa sehemu hizo husema kuluma, neno lile lile, ila wao wameihifadhi l ambayo Kiswahili kiliidondosha zamani. Hata nomino "maumivu" imechipuka katika shina hilo hilo. Ukivuka mpaka, mambo yanapanuka zaidi: Mtanzania "huumwa" malaria, huumwa mafua, na "anaumwa" maana yake ni kwamba mgonjwa huyo hajiwezi, hata kama hakuna mahali mahususi panapomuuma. Kwa ufupi, kuumwa na mwili wetu wenyewe ndiyo sitiari yetu kuu ya ugonjwa.

Sasa itazame ganzi. "Mguu umekufa ganzi." Kiima ni mguu, kitenzi ni kufa, na mimi simo. Hakuna -ni-. Hakuna auma wala aumwaye. Kwa hivyo swali "nini kinakuuma?" humtuma mgonjwa mwilini mwake akamtafute mwenye meno, naye humtafuta kwa uaminifu na kumtaja. Ganzi haina meno. Bibi alijibu sawasawa kabisa, na swali ndilo lililokuwa fupi.

Kwa nini tusumbuke? Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2020 yalihesabu watu milioni 619 wenye maumivu hayo, na yakabashiri milioni 843 ifikapo 2050. Yakizidi miezi mitatu huitwa sugu. Mengi kati yake hutokana na misuli, viungo na kano, yaani nyama na mifupa iliyochoka au kuumia, na neva hufanya kazi yake ya kawaida ya kupeleka habari. Lakini kuna wagonjwa ambao neva yenyewe ndiyo iliyoumia. Uti wa mgongo una pingili kama za muwa, na kati ya pingili na pingili mna diski laini. Diski ikichomoza, au nafasi inamopita neva ikawa nyembamba kwa uzee, neva hubanwa palepale itokapo. Cha ajabu ni kwamba dhara liko kiunoni, ila malalamiko hutokea mguuni, kule neva inakoelekea, kama kengele inayolia sebuleni kwa sababu waya umechunika barabarani.

Na neva iliyoumia hufanya mambo mawili yanayopingana. Hupiga kelele pasipo sababu: moto, shoti, wadudu watambaao. Wakati huo huo hunyamaza panapotakiwa iseme: unaguswa usijue, kiatu kinatoka usijue. Nusu ya pili hiyo ndiyo isiyoingia katika kitenzi kuuma. Mganga anayesikiliza nusu ya kwanza tu atamhesabu mgonjwa wa neva kama mgonjwa wa misuli, atampa vidonge ambavyo aghalabu havifui dafu mbele ya maumivu ya neva, na mgonjwa atarudi, kama bibi alivyorudi, mara ya pili na ya tatu.

Neno "neva" lenyewe ni geni masikioni mwa wengi. Shuleni husomeshwa pia kama "mshipa wa fahamu", lakini mitaani huwa mshipa tu, na hapo pana mtego. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni ule uzi mgumu unaounganisha nyama na mfupa, na kwa wazee wa Pwani "ana mshipa" yaweza kuwa habari ya ngiri au ya busha, ambayo haitajwi mbele za watu. Mzee akisema "mshipa wanivuta kutoka kiunoni hadi kisiginoni" amesema jambo la maana sana, kwa maana ameichora njia nzima ya neva. Tabibu akiandika "maumivu ya misuli" kwa kuwa amesikia mshipa akafikiri msuli, njia hiyo imefutwa kwa kalamu. Tena mshipa unaovuta dawa yake, kwa fikra za kawaida, ni kukandwa. Sina ugomvi na wakandaji. Mafuta ya nazi na mikono yenye ujuzi vimewaliwaza wengi, mimi nikiwemo. Nasema tu kwamba neno moja limebeba viungo vitatu na tiba tatu.

Wataalamu wa maumivu wanajua siku nyingi kwamba kazi yao ni ya msamiati. Mwaka 1971 Ronald Melzack na Warren Torgerson walikusanya maneno 102 ambayo watu hutumia kueleza maumivu, wakayapanga kwa jamii zake. Kazi hiyo ilizaa dodoso maarufu la McGill la mwaka 1975, lenye maneno 78 katika mafungu 20. Kila ninapolisimulia hilo darasani, hapakosi mwanafunzi wa kusema kwamba Kiswahili kina "kuuma" tu. Si kweli. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, hunyonga, hukeketa. Kidonda kilichoingia maji ya ndimu huchonyota. Mgongo wa mwenye kulima kutwa hukatika. Utajiri upo, ila una masharti: kila kitenzi kina kiungo chake, na ukimwambia mtu kichwa chako kinasokota atadhani unatunga shairi. Kwa hivyo huwezi kuchukua orodha ya maneno 78 ya Kiingereza na kuyatafutia wenzao mmoja mmoja. Mengine yatakosa mwenza na mengine yatapata wenza wasiokaa nyumba moja.

Siku hizi fomu zinazotumiwa kuitafuta neva ni fupi zaidi. Iliyo mashuhuri ni DN4, iliyotolewa mwaka 2005 na madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Didier Bouhassira. Herufi mbili zatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya maumivu ya neva, na 4 ni idadi ya maswali. Ndani ya maswali hayo mna vipengele 10. Saba mgonjwa huulizwa na vitatu hupimwa kwa kumgusa. Kila "ndiyo" ni alama moja, na afikishaye alama 4 hushukiwa kwamba neva imo. Kuna nyingine, kama LANSS ya Uingereza ya mwaka 2001, na painDETECT ya Ujerumani ya mwaka 2006, ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mgongo hasa na kuonyesha dalili za neva kwa zaidi ya theluthi moja yao. Hakuna hata moja inayothibitisha ugonjwa. Ni ungo wa kupepetea, uchunguzi hufuata. Lakini angalia vile vipengele saba vya kuuliza katika DN4: kuungua, baridi yenye maumivu, shoti za umeme, kutambaliwa, kuchomwachomwa kama kwa pini, ganzi, na mwasho.

Hapa ndipo patamu.

Chukua kuungua. Mfasiri wa kawaida ataandika "Je, maumivu yanachoma?" Na kuchoma ni kufanya nini? Moto huchoma. Mwiba pia huchoma. Mahindi huchomwa, na mtoto huchomwa sindano. Kichomi, ule ugonjwa wa kifua, kimeitwa hivyo kwa sababu ya kisu na si kwa sababu ya kaa la moto. Kwa fomu hii, tofauti ya moto na mwiba ni alama nzima: maumivu ya kuungua yamo katika orodha, maumivu ya kudungwa kama kisu hayamo. Mchukuzi wa mizigo aliyeteguka kiuno, anayechomwa kama kisu kila akiinama, atajibu "ndiyo, yanachoma sana" na kujipatia alama ambayo si yake. Mwenzake ambaye wayo wake unawaka usiku mzima kama umekanyaga jivu la moto, atajibu vivyo hivyo. Tumewatia wawili hao kikapu kimoja.

Na usidhani kwamba taratibu za tafsiri zitaliona kosa hilo. Fomu za tiba hutafsiriwa kwa hatua zinazojulikana. Mtu huitafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya asili huirejesha, kamati huzilinganisha, halafu hujaribiwa kwa watu. Hatua ya kurejesha husifiwa sana. Lakini mfasiri rejeshi akikuta "yanachoma" katika orodha ambamo pia mna baridi na umeme, atarudisha "yanaunguza" bila kusita, kwa sababu muktadha umemwelekeza. Kamati itafurahi: neno limekwenda na kurudi salama. Aliyepotea ni mgonjwa, ambaye haioni orodha, anasikia kitenzi kimoja tu kikisemwa na mtu mwenye koti jeupe. Dawa ni rahisi, nayo ni kuuliza kwa kupambanua: "Yachoma kama moto, au yachoma kama mwiba?" Mgonjwa wa Pwani hatapata shida. Atakwambia, na pengine atakuongezea ni moto wa kuni au wa makaa.

Mwasho nao una mambo. Upele huwasha, pilipili huwasha, na taa huwashwa. Mtu anayesema "ngozi ya mguu yaniwasha" huenda anataka kujikuna, na huenda ana moto. Swali la kumwondoa hapo ni moja tu: "Wataka kujikuna?"

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Fomu inataka kujua kama mguu unahisi baridi ya barafu, baridi iumayo. Lakini kwetu baridi ni jina la sababu kabla ya kuwa jina la hisia. Baridi humwingia mtu mifupani, humwingia mgongoni, na maradhi ya viungo yenyewe tumeyaita baridi yabisi. Ukimwuliza mzee wa Vanga "una baridi?" atakwambia ndiyo, na atakueleza ilimwingia lini. Amekupa chanzo, wewe umeandika dalili.

Kuhusu umeme, mpaka wa Lunga Lunga ni darasa tosha. Upande wetu watu husema stima. Mtu "hushikwa na stima". Hatua chache tu, upande wa Horohoro, ni umeme, na mtu "hupigwa shoti". Kwa bibi wa kijiji ambako nguzo zimefika juzi, umeme ni ule wa mawinguni, unaoonekana kwa macho na kutangulia radi, si kitu cha kukupita mguuni. Fomu moja iliyochapishwa Nairobi au Dar es Salaam haiwezi kuhudumia hospitali za pande zote mbili bila mwenye kuishika kuibadilisha mdomoni.

Tufike sasa kwenye ganzi yenyewe. Kaa mkekani umekunja mguu kwa nusu saa ukisikiliza hotuba ya arusi. Kwanza mguu haukusikii, ukiufinya ni kama wa mtu mwingine. Kisha ukiunyoosha, damu ikarudi, unaanza kutambaliwa na sisimizi na kudungwadungwa na visindano elfu. Hali ya kwanza ni kukosa hisia, ya pili ni hisia kuzidi, na sisi tunaziita zote mbili ganzi. Katika DN4 hizo ni alama tatu mbalimbali: kutambaliwa, visindano, kukosa hisia. Mgonjwa wetu atajibu ama "ndiyo" mara tatu kwa kitu kimoja, akidhani anarudiwa kwa kuwa hakusikika, ama atasema ganzi mara moja na yale mengine mawili kuyakana, kwa kuwa ameshayasema. Na mstari wa kuamua uko kwenye alama 4. Jumlisha mwenyewe.

Ajabu ni kwamba kwa kipengele hiki Kiswahili kingeweza kufuata Kifaransa moja kwa moja bila kupitia Uingereza. Neno la Kifaransa la ile hisia ya kutambaliwa limezaliwa na jina la mdudu, sisimizi. Mwingereza akaingiza pini na sindano zake. Sisi tuna sisimizi, na tuna kusisimka, na masikio yangu hayakubali kwamba ukaribu wa maneno hayo ni wa bahati nasibu, ingawa siwezi kuuapia. Basi tuulize: "Wasikia kama sisimizi wanatembea?" Kisha, mbali kabisa: "Kuna mahali ukiguswa hujui kama umeguswa?" Ganzi tuiache nje ya swali. Ije yenyewe kwenye jibu.

Daktari akitoka kwenye maswali anaingia kwenye ramani, na hapa Kiswahili kinampa kiungo kikubwa mno. Mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Kwa mwenye kuitafuta neva, "mguu umekufa ganzi" ni sawa na kumwambia dereva kwamba abiria anashuka Kwale. Neva itokayo chini ya pingili ya tano ya kiuno hupita ubavuni mwa muundi, ikafika juu ya wayo na kidole gumba. Ikiumia, mtu hushindwa kukunjua kidole hicho juu na kutembea kwa visigino. Ile inayoifuatia, ya kwanza katika mfupa ulio chini ya kiuno, hupita nyuma kwenye shavu la mguu, ikaenda ukingo wa nje wa wayo na kidole cha mwisho. Ikiumia, kusimama kwa ncha za vidole ni taabu. Maneno yote tunayo: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo. Hayatumiki tu. Basi mgonjwa asiulizwe wapi. Aambiwe, "Nionyeshe kwa kidole kimoja, kuanzia juu." Wengine hutumia picha ya mwili ambayo mgonjwa huitia rangi, nayo inafaa, ila nimeona wazee wakiigeuza picha wasijue ipi ni mbele.

Vipengele vitatu vya mwisho ni vya kupapasa: pamba kwa mguso, njiti kwa mchomo, brashi laini kuona kama mguso mwepesi unaleta maumivu. Ni vitu vya shilingi chache, na tabibu yeyote anaweza kuwa navyo mezani. Tatizo ni kitenzi. "Unahisi?" ni neno la darasani. Wenyeji husema kusikia: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu, husikia uchungu. Tabibu akigusa kwa pamba na kuuliza "wasikia?", mzee anaweza kudhani anaulizwa kama anasikia maumivu, akasema "sisikii", na ganzi ikaandikwa mahali isipokuwepo. Au atasema "nasikia" kwa heshima, maana hamvunji moyo kijana wa watu. Adabu zetu haziendani na maswali ya ndiyo na la. Afadhali mgonjwa afumbe macho na kuambiwa aseme "sasa" kila anapoguswa, kisha alinganishe miguu miwili: "Huku na huku ni mamoja?" Hapo adabu haina pa kujificha.

Nimeliweka mwisho lile ambalo halivumilii kusubiri. Chini kabisa ya uti wa mgongo neva zinatawanyika kama mkia wa farasi. Zikibanwa zote pamoja, mtu hupata ganzi mahali pale anapokalia kiti cha baiskeli, hushindwa kukojoa au kujizuia, haja kubwa humponyoka, nguvu za ndani ya nyumba hupotea, na miguu yote miwili huweza kulegea. Hiyo ni dharura. Anahitaji kupigwa picha na pengine kupasuliwa upesi, kwa hesabu ya saa na si ya majuma, la sivyo ulemavu huweza kubaki. Na dalili zote hizo ziko katika eneo ambalo Kiswahili cha Pwani kimelifunika kwa tafsida tabaka juu ya tabaka.

Kijana wa miaka 26 anamwuliza mwanamke wa umri wa nyanya yake, "Unapata choo?" Anapata. Swali hilo ni la kufunga tumbo, halihusu kujizuia. "Haja ndogo inatoka?" Inatoka; kibofu kilichokufa ganzi huvuja kikifurika, kwa hivyo inatoka kweli. "Sehemu za siri ziko sawa?" Nani atajibu hilo, na binti yake amesimama mlangoni? Tafsida si adui. Ni heshima, na mgonjwa ana haki nayo. Kinachotakiwa ni tafsida inayofika. Muuguzi mmoja wa kike alinifundisha swali ambalo sijalikuta katika fomu yoyote ya Ulaya. Humwuliza mgonjwa Mwislamu, "Ukistanji, maji wayasikia pande zote sawasawa?" Lo! Neno la fikihi, safi, lisilomvua mtu nguo, na linapima mahali pale pale panapotakiwa kupimwa. Kwa kibofu huuliza, "Kikijaa, wajua kwamba kimejaa, au wastukia nguo imelowa?"

Mkalimani naye atazamwe. Vijiji vya huko vina wazee wanaoeleza ugonjwa kwa Kidigo au Kiduruma na kubaki na Kiswahili cha sokoni tu. Akiletwa mkwe kufasiri, habari za kistanji zimekwisha kabla hazijaanza. Mjukuu ni nafuu, kwa kuwa kati ya mjukuu na bibi pana utani, na penye utani mengi husemeka.

Yule bibi sikumwuliza hayo ya mwisho. Haikuwa nafasi yangu, na kijana alikuwa amesimama hapo hapo. Nilimwomba aende Msambweni, hospitali ya rufaa, asingoje Ramadhani nyingine, na atakapoulizwa nini kinamuuma aache kiuno kwanza, aanze na kandambili.

"Nimwambie daktari habari ya kiatu?" Akaniongezea chungwa la saba, la bure. "Atanicheka."

Kondakta akapiga bodi ya gari mara mbili. Nilimwambia, nikiwa na mguu mmoja ndani, kwamba daktari anayejua kazi yake atamvua hicho kiatu na kumwomba afumbe macho.